Wa Kushoto Wasipewe Maji

9 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na paka hajazaa tena ndani ya kapu la nguo zako. Mimi sijambo. Chumba ni kile kile, dirisha bado halifungiki, na mwenye nyumba bado anasema fundi anakuja kesho.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Kwanza, simu yako uliikaanga. Usikatae, wewe mwenyewe ulinitumia salamu kwamba imetumbukia kwenye karai la mafuta. Pili, bosi wangu anataka kila neno la kazi hii liwe kwenye karatasi yenye tarehe. Tunamwita Mizani, maana hupima kila kitu. Hata sukari ya chai yake huipima kwanza.

Kazi yenyewe ni hii. Kwenye kifurushi utakuta mbegu za mahindi. Zinaitwa Kumi na Nne, kwa kuwa zilizotangulia kumi na tatu zilikufa. Nimezilea miaka sita hapa kwenye kituo cha utafiti wa mbegu, nikizichavusha kwa mkono na kuyavalisha mashuke yake mifuko ya karatasi. Zinatakiwa kustahimili ukame. Ndani ya nyumba ya vioo zimestahimili, lakini Mizani anasema mbegu iliyofaulu chini ya kioo ni sawa na mtu aliyejifunza kuogelea kitandani. Anataka zijaribiwe kwa mtu, kwenye jua la kweli. Zikishindwa msimu huu, ghala linasafishwa mwezi wa tisa na Kumi na Nne zinatupwa. Miaka yangu sita, Shangazi.

Nikamwambia ninaye mtu. Nikamwambia ni mtaalamu wa lishe. Usicheke. Aliyewapikia watoto wa shule miaka thelathini na moja, kama si mtaalamu wa lishe, ni nani?

Panda pande zote mbili za njia itokayo mlango wa jikoni, mbegu ile ile, mistari sita kulia na sita kushoto. Kwa sasa mvua itafanya kazi yake. Maua yakikaribia kutokeza nitakuandikia, na hapo ndipo jaribio lenyewe litaanza: ya kulia utayamwagilia, ya kushoto utayaacha na kiu.

Niombee, na unijibu upesi.

Kijiko wako

---

28 Machi

Kijiko, mtoto wa kaka yangu,

Marahaba. Goti linakusalimu. Asubuhi linakataa kukunjika, jioni linakataa kunyooka, katikati tunaelewana. Paka amezaa. Wanne. Kwenye kapu. Na simu sikuikaanga mimi; ilikuwa mfukoni mwa aproni, nikainama, ikaamua yenyewe.

Unakula? Nimesoma kurasa mbili, hakuna mahali ulipoandika umekula nini. Na unakuja lini? Huu ni mwaka wa nne. Kitanda chako kimeshakuwa cha paka.

Nimepanda. Ili mistari inyooke nilikwenda kumwazima jirani yangu, fundi cherehani, futi yake ya kupimia nguo. Akasema futi ile haijawahi kutoka nje bila yeye. Basi wakaja wote wawili. Mahindi yalipoota aliyaona, akasema kitu kinachokua lazima kipimwe, la sivyo nguo itabana. Sasa kila asubuhi anapita kupima majani, urefu na upana, na anaandika kwenye daftari lake la vipimo vya wateja. Kabla hujauliza: anapima majani tu.

Habari ya maji ujue mapema. Bomba la mtaa linatoka Jumanne na Ijumaa, nami nina mapipa mawili. Moja ni la nyumba. La pili nimelitenga kwa mahindi yako, na nimepiga hesabu: madebe matatu kila jioni, Jumapili mawili. Hakuna pipa la tatu, na kwa goti hili fundi ndiye atakayebeba.

Sasa kuna jambo sijalielewa. Umeandika "utayaacha na kiu." Nimesoma mara tatu, nikampa na fundi asome. Kuyaacha kwa makusudi? Yamekosa nini? Miaka thelathini na moja hakuna mtoto aliyeondoka mbele ya sufuria yangu na sahani tupu. Walioondoka wanalia kwa sababu nimewalazimisha kumaliza, hao wapo, na leo ni watu wazima wenye afya. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, Kijiko. Nieleze vizuri, kwa maneno ya mtu wa jikoni.

Ni mimi shangazi yako, niliyekaa kwenye kiti kirefu kwa sababu ya goti

---

11 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kimya. Nakula. Kuhusu kuja, tutaona; mimea hapa haina Jumapili.

Mahindi hayajakosa kitu. Ngoja nikueleze kwa lugha ya jikoni. Jani lina vitundu vidogo mno, maelfu kwa maelfu, macho hayavioni. Kupitia vitundu hivyo mmea huingiza hewa ya kutengenezea sukari, na kupitia humo humo maji hutoroka. Chukulia ni milango ya jiko: ukiifungua unapata hewa, lakini na mvuke unakukimbia. Udongo ukianza kukauka, mizizi ndiyo inayojua kwanza. Hapo mmea hutengeneza homoni, yaani ujumbe unaosafiri ndani ya maji yake mpaka kwenye majani, kusema: fungeni milango. Milango ikifungwa, maji yanabaki ndani.

Lakini hewa nayo haiingii. Jiko limezimwa, hakuna sukari mpya inayopikwa. Ndipo mmea unapofungua stoo. Wanga uliowekwa akiba unavunjwavunjwa kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo inayoyashikilia maji ndani ya mmea usinyauke. Nyingine inashuka kuipa mizizi nguvu ya kuchimba chini zaidi, na nyingine inapanda kujaza punje.

Mahindi ya kawaida hukosea hapo. Mengine huchelewa kufunga, yakakauka. Mengine hufunga kisha yakaogopa kufungua tena, yakaikumbatia sukari yote kwenye bua, na gunzi likabaki na punje za kuhesabu, mfano wa meno ya mzee. Kumi na Nne nimezichagua kwa sababu zinafunga adhuhuri na kufungua alfajiri, na stoo yake haina uchoyo. Ndivyo ninavyoamini. Kuthibitisha, kiu lazima iwe ya kweli. Tusipoyanyima maji hatutajua chochote, na wakulima wengine ambao hawana hata hilo pipa lako moja watazidi kuvuna magunzi matupu.

Basi kuanzia tarehe 15 mpaka mavuno: kulia, madebe matatu kila jioni. Kushoto, hata kikombe. Hata maji ya kuoshea sahani. Hata ya kunawia mikono. Nakujua.

Mpwa wako anayekutegemea

---

2 Juni

Kijiko,

Marahaba. Paka wale wanne sasa wanakimbia nyumba nzima, na mmoja amekojolea kitambaa cha suti ya mteja wa fundi. Umeandika "Nakula." Neno moja. Hata mgonjwa hujieleza zaidi.

Maelezo yako nimeyaelewa vizuri kuliko unavyodhani. Mwaka ule gari la chakula lilipokwama wiki mbili, nani alifungua stoo na kugawa akiba mpaka gari likafika? Homoni ile ilikuwa mimi.

Tarehe 15, 16 na 17 nilifanya sawasawa na ulivyoagiza. Tarehe 18, saa nane mchana, wa kushoto walianza kukunja majani, kila mmoja amejikunyata. Niliwaona kutoka dirisha la jikoni. Nilikuwa naosha vyombo, maji yananichuruzika mikononi. Basi. Habari nyingine, jirani wa nyuma amepaka ukuta wake rangi ya bluu.

Leo zimetimia siku kumi na nane za jaribio. Wa kushoto ni wazima. Wamesimama wima, kijani kibichi, majani yamekunjuka hata saa saba mchana. Fundi anasema wamezidi upana wa ukosi wa shati. Wa kulia nao wapo. Wanasalimu.

Nina swali. Mmea ukifunga milango, unaumia? Usinijibu kama mtaalamu. Nijibu kama mtoto niliyemlea.

Shangazi yako, anayefanya awezavyo

---

14 Juni

Shangazi wangu wa dhahabu,

Shikamoo, shikamoo! Siku kumi na nane bila maji na majani hayajikunji mchana! Nilikimbia na barua yako ukumbini nikaangusha trei ya miche ya watu. Nimewasomea wote, mpaka mlinzi wa lango.

Mizani aliisoma mara tatu, akavua miwani, akasema: "Hakuna mahindi chini ya jua yasiyokunja jani saa saba mchana baada ya siku kumi na nane za kiu. Ama mbegu hii ni muujiza, ama mtaalamu wako wa lishe ana huruma." Nilikasirika, Shangazi. Nilimwambia wewe ni mwanamke wa amri, shule nzima ilikuwa inakutetemekea. Akasema vizuri, basi tupime sukari. Mmea wenye kiu lazima uwe umefungua stoo.

Kipimo chetu cha sukari kimepasuka kioo, na kingine hakijafika. Mizani akafikiri, akasema ulimi wa mtu aliyeonja chakula cha watu mia nne kila siku haupitwi na kioo chochote. Kwa hiyo kata bua moja la kushoto na moja la kulia, menya, tafuna, na uandike unachoonja. Fundi naye atafune.

Swali lako limenikaa kichwani. Mmea hauumii kama tunavyoumia sisi, hauna mahali pa kuumia. Lakini hapa kituoni tunasema "tumeipa mimea ukame," tena kwa sauti ya mtu aliyetoa zawadi. Tangu nisome barua yako nimeona aibu kidogo kulisema neno hilo.

Mpwa wako ambaye leo hatembei, anaruka

---

25 Juni

Kijiko,

Marahaba. Goti halijambo. Paka hawajambo. Ukuta wa bluu umeanza kubanduka.

Nimekaa na karatasi hii siku mbili. Fundi alinikuta nimeiinamia akauliza kama napunga mapepo.

Mambo mengine mtu unaweza kuyapindisha kidogo. Binadamu hakosi udhaifu. Ladha siwezi. Mwaka mmoja mkaguzi alikuja shuleni bila taarifa, akaonja uji, akasema ni mzuri sana. Nikamwambia uso kwa uso: hapana, umeungua chini, na chumvi nimezidisha. Mwalimu mkuu alitaka kuzimia. Lakini ulimi ndio mtaji pekee niliokuwa nao duniani, na siku nikiudanganya mara moja nitakuwa mzee mwenye sufuria tu. Kwa hiyo naandika nilichoonja, na litakalokuwa na liwe.

Bua la kushoto: maji matupu. Utamu wa mbali, wa kubahatisha, kama chai ya nyumba yenye ubahili.

Bua la kulia: tamu. Tamu hasa, ile inayobaki nyuma ya ulimi ukishameza. Ningesema vijiko viwili vilivyojaa kwa kikombe. Fundi alitafuna mpaka fundo la mwisho, akataka jingine, nikamnyima.

Umeuliza ladha, nimekupa ladha. Hukuuliza kitu kingine.

Mimi

---

3 Julai

Shangazi,

Umeyapa maji.

Sukari inapanda kwenye bua la mmea wenye kiu. Kama la kushoto ni maji matupu, ni kwa sababu lina maji. Nilisimama mbele ya Mizani nikamsomea barua yako mwenyewe, kwa sauti, na nilipofika kwenye chai ya ubahili nikaelewa nikiwa katikati ya sentensi. Alinipa leso.

Sikukuambia jambo moja. Mkataba wangu na mbegu hizi vinaisha siku moja. Hakuna Kumi na Nne, hakuna mimi hapa. Nilinyamaza ili usikose usingizi. Ningejua ungeyanywesha wala nisingekuletea.

Usiniulize nimekula nini.

---

12 Julai

Kijiko,

Hukuniamkia. Nimeitikia hivyo hivyo: marahaba.

Ni kweli. Nimewapa maji. Tangu tarehe 18 Mei saa nane na robo mchana, mpaka leo. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa toka jikoni mpaka shambani, hatua kumi na moja.

Naona aibu. Nimeandika neno hilo kubwa ili usiseme nilijificha.

Sasa nikuambie jambo nililokuficha kwa muda mrefu zaidi. Ulikuwa na miaka sita, baba yako yuko safarini, mimi ndiye niliyekupeleka hospitali kukatwa mafindofindo. Muuguzi akasema mtoto asinywe hata tone mpaka saa nane mchana. Saa nne asubuhi ulianza kuuliza maji. Saa tano ukaacha kuuliza, ukawa unalamba midomo tu na kugonga kijiko kwenye chuma cha kitanda. Nilivumilia mpaka ulipoacha kugonga. Nikakupa vijiko vitatu. Daktari alipokuja akauliza, "Amekunywa kitu?" Nikasema, "Hajanywa." Ukaniangalia, ukamwangalia daktari, ukasema, "Nimekunywa vijiko vitatu."

Wakaahirisha upasuaji, wakakurudisha nyumbani wiki mbili nzima. Daktari alinieleza nje, taratibu, kwamba kwa kukunywesha kabla ya dawa ya usingizi ningeweza kukuua. Tangu siku ile nakuita Kijiko. Wewe umekuwa ukidhani ni kwa sababu ulikuwa mwembamba. Nilikuita hivyo nisisahau, na ona nilivyosahau.

Kuna jambo jingine, sijui kama linasaidia au linaongeza kosa. Nilikuandikia kwamba pipa la mahindi ni moja. Ulidhani ya kuwanywesha wa kushoto niliyatoa wapi? Niliwapa maji ya wa kulia. Shuleni uji ukipungua, anatangulia aliyekuja na tumbo tupu. Aliyekunywa chai kwao anasubiri. Nikaona wa kulia wana akiba, watasubiri. Wamesubiri mpaka leo. Hawajaguswa na tone tangu siku ile. Adhuhuri wanajikunja kama miavuli, alfajiri wanajikunjua. Wala sikuwaonea huruma, na unajua kwa nini? Dirisha la jikoni linatazama kushoto. Nilidhani nina moyo mwema kumbe nina dirisha tu. Hilo linaniuma kuliko yote.

Nilimwendea fundi nikamwambia tumeharibu kazi ya mtoto. Akachomoa daftari lake. Kumbe kila jioni alipobeba madebe aliandika yamekwenda wapi. Nikamuuliza, "Fundi, mimi namdanganya mtoto barua nzima, na wewe unaandika ukweli?" Akasema, "Mama Mpishi, nikiandika kiuno anachokitaka mteja badala ya alichonacho, suruali itampasukia harusini."

Nakutumia daftari lenyewe. Amelia kidogo kuachana nalo.

Nisamehe au usinisamehe, lakini kula.

Shangazi yako

---

1 Agosti

Kijiko,

Hujajibu. Sidai jibu, natoa taarifa.

Tangu nilipokuandikia nimewajua wa kulia kuwa wana kiu, na kujua huko ndiko kunakonitesa. Mara mbili nimejikuta mlangoni na sufuria mkononi. Fundi ameyafunga mapipa kwa kufuli, na ufunguo ameuvaa shingoni pamoja na futi. Nikitaka maji ya chai, natuma maombi. Kwa hiyo wa kulia wamekauka wenyewe kwa wakati wao, bila tone, nakuapia kwa ulimi wangu.

Tumevuna. Magunzi yote yamo kwenye magunia mawili, la kulia limeshonwa uzi mwekundu, la kushoto uzi mweupe. Sikumenya hata moja. Sikuangalia. Niliogopa.

Shangazi

---

20 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Na shikamoo ya barua iliyopita, niliyokunyima. Na nyingine ya hiki kimya. Ziko tatu, zihesabu.

Sikuandika kwa sababu mwanzoni nilikuwa na hasira, halafu nikawa na aibu ya hasira, halafu magunia yakafika, nikasubiri kwanza tumenye.

Mizani alianza na daftari. Alilisoma siku nzima bila kunywa chai. Amenionyesha ukurasa mmoja: "Mama wa duka la dawa, kiuno 41, anabisha. Kulia, jani la sita, alfajiri wazi, adhuhuri limekunjwa. Kushoto, madebe matatu. Kulia, hakuna." Akasema, "Mtu anayemwandikia mteja wake 41 huku anabisha, huyo namwamini." Halafu akalipima daftari lenyewe uzito, sijui kwa nini.

Kisha tukamenya. La uzi mweupe lilikuwa zuri, punje nono, lilikunywa maji likasema asante. La uzi mwekundu nilifumba macho. Mizani akaniita kwa jina langu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Magunzi ni madogo kidogo, Shangazi, lakini yamejaa. Yamejaa mpaka nchani. Siku zote zile bila maji, stoo ilifunguliwa, na sukari haikukwama kwenye bua, ilipanda. Uzito wake ni robo tatu ya yale yaliyonyweshwa. Mahindi ya kawaida yangetupa magunzi ya kuwashia moto. Jaribio ni halali. Pande tu ndizo zilizobadilishana. Kumi na Nne zinabaki ghalani. Na mimi nabaki.

Mizani akauliza, "Mtaalamu wako wa lishe ni nani hasa?" Nikasema kweli: mpishi wa shule, mstaafu. Akatikisa kichwa. "Ndiyo maana hakuweza kudanganya kwenye ladha."

Msimu ujao anataka jaribio kubwa zaidi, hapo hapo kwako, na safari hii mtu wa kituo akae shambani toka kupanda mpaka kuvuna. Kwenye fomu kuna mahali pa kujaza hatari zinazotarajiwa. Wengine huandika panya, au mchwa. Mizani ameandika: "Shangazi." Nimeteuliwa mimi kuyalinda mahindi dhidi yako. Nafika Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa. Mhamishe paka.

Ile siku ya hospitali naikumbuka. Miaka yote hii nilidhani wewe ndiye uliyeisahau, na nilikuwa naona haya kwamba nilikusemea mbele ya daktari. Nimekunywa maji mengi tangu hapo, Shangazi. Sijayaonja tena matamu kama vile vijiko vitatu.

Ombi moja tu. Nitafika nimechoka, nitakuwa nimekula njiani, na goti lako linahitaji kupumzika. Tafadhali usipike.

Kijiko chako

---

29 Agosti

Kijiko,

Marahaba, marahaba, marahaba. Nimezihesabu.

Paka amehama. Fundi ameipima meza, anasema tutaenea. Siku hizi anakula hapa, kwa sababu ya ufunguo tu.

Umeandika nisipike. Nimekusikia, kama nilivyokusikia kuhusu wa kushoto.

Shangazi yako